Marejeo ni Ngamani: Kiswahili na Usanidi wa Viendeshaji vya Flashi

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia inajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili, ingawa si wengi walioiona ngama yenyewe, ile sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo maji hukusanyika na baharia hulazimika kushuka kuyateka na kuyamwaga nje. Abiria hukaa juu, akalitazama tanga na kufurahia upepo. Ngama humhusu baharia. Hata hivyo, chombo kinapoanza kuzama, ajuaye ngama ndiye atakayekiokoa.

Ndani ya tarakilishi, Kiswahili kimekuwa abiria. Ni jambo lisilopingika kwamba juhudi zimefanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisini. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows, na baadaye rununu zikaja na menyu za Kiswahili. Wakati uo huo kurasa za majarida na kumbi za makongamano zilishuhudia mjadala mkali kuhusu iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake katika taaluma ya istilahi. Lakini haukumwezesha mtu yeyote kufufua ruta iliyokufa, wala kumweleza fundi kwa nini ilikufa.

Kiswahili hakitakuwa lugha ya teknolojia kwa kutafsiri majina ya vitufe peke yake. Kitakuwa lugha ya teknolojia siku kitakapoeleza, kwa sentensi kamili na zenye mantiki, yale maamuzi ambayo mtu akiyakosea hupoteza kifaa chake. Usanidi wa viendeshaji vya flashi na kumbukumbu katika kiini cha mfumo wa uendeshaji ni mahali pafaapo pa kuanzia, kwa kuwa hapo kosa dogo la ufahamu huwa na gharama ya kuonekana kwa macho.

Kila mfumo wa uendeshaji una kiini. Hicho ndicho sehemu ya programu inayogawa muda wa kichakata, inayolinda kumbukumbu na inayozungumza na maunzi. Kwa kuwa maunzi ni ya aina nyingi mno, kiini hutumia viendeshaji, yaani visehemu vya programu ambavyo kila kimoja kinajua tabia za kifaa cha aina fulani. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kimo ndani ya simu za Android, ndani ya ruta nyingi za nyumbani na ndani ya ving'amuzi vingi vya televisheni. Kabla hakijajengwa kwa ajili ya kifaa chochote, sharti kisanidiwe. Msanidi hupitia orodha ndefu ya maswali. Kwa maswali mengi ana majibu matatu: ndiyo, kiendeshaji kiwe sehemu ya kiini chenyewe, moduli, kiendeshaji kikae kando katika faili lake na kupakiwa kinapohitajika, au hapana. Huyajibu kwa herufi y, m na n.

Karibu kila swali lina maelezo ya msaada, na maelezo hayo ni ya Kiingereza. Nyaraka za kiini hicho zina sehemu maalumu ya tafsiri. Wenye Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania wamekwisha kutia humo kazi zao. Kiswahili, lugha yenye mamilioni ya wazungumzaji na idara katika vyuo vikuu vya mabara kadhaa, hakimo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu wa kawaida ajisumbue na usanidi wa kiini. Jibu linapatikana kwenye meza za mafundi wa Luthuli Avenue jijini Nairobi na kwingineko. Kiwanda kinapoacha kukishughulikia kifaa, kifaa hicho hakiharibiki siku hiyo. Huachwa tu bila marekebisho ya kiusalama hadi kinapotupwa. Njia nyingine ni kukijengea kiini kipya. Mradi wa OpenWrt ulianza mwaka 2004, baada ya msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G kuwekwa hadharani, na tangu hapo ruta za aina nyingi zimepata maisha ya pili kwa njia hiyo. Matoleo ya awali ya WRT54G yalikuwa na megabaiti 4 tu za flashi. Katika nafasi finyu kama hiyo, kila kiendeshaji kilichoongezwa bila sababu ni mzigo, na kila kiendeshaji kilichosahauliwa ni msiba. Ndiyo maana hekima ya kujibu ndiyo kwa kila swali haifai hapa.

Neno flashi lenyewe halihitaji utambulisho katika chuo kikuu chochote cha Kenya. Ni kile kijiti ambacho mwanafunzi hubebea tasnifu yake, na ambacho huambukizwa virusi katika vibanda vya uchapishaji siku ya kuiwasilisha. Walakini hapa ndipo ukosefu wa maelezo unapoanza kuleta madhara, kwa maana neno hilo moja hubeba vitu viwili. Kijiti cha mwanafunzi na kadi ya kumbukumbu ya simu vina kidhibiti chao cha ndani. Kidhibiti hicho huficha tabia za flashi na kukionyesha kiini kitu kinachofanana na diski ya kawaida. Ndani ya ruta nyingi, kwa upande mwingine, flashi imeshikizwa kwenye bodi bila msimamizi wa namna hiyo. Hii yafaa iitwe flashi ghafi, kama vile isemwavyo data ghafi. Katika Linux, viendeshaji vyake vimewekwa katika tawi lake lenyewe liitwalo MTD, lililojengwa kwa mchango mkubwa wa David Woodhouse. Mtu asiyezitenganisha flashi hizi mbili atatafuta viendeshaji vya kijiti chake ndani ya MTD asivipate, au ataitendea flashi ghafi kana kwamba ni diski na kuiua.

Tabia za flashi ghafi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani katika miaka ya 1980, zinaelezeka vyema kwa kitu kilichojulikana katika miji ya pwani kabla ya umeme kufika: ubao wa chuoni. Mtoto aliandikiwa aya ubaoni kwa wino, akaisoma hata akaihifadhi, kisha ubao ukaoshwa kwa maji ili upokee somo jipya. Kuongeza herufi moja palipo wazi kulikuwa rahisi. Lakini kuosha kulikuwa kwa ubao mzima. Katika flashi ghafi, kuandika ni kugeuza biti kutoka 1 kuwa 0. Kurejesha 0 kuwa 1 hakuwezekani kwa biti moja peke yake. Sharti kitalu kizima kifutwe. Katika flashi nyingi za aina ya NAND, kwa mfano, ukurasa mmoja una baiti 2,048, na kurasa 64 hufanya kitalu kimoja cha kilobaiti 128.

Ubao unaooshwa kila siku huchakaa, na kitalu vilevile. Flashi ya NAND inayohifadhi biti moja katika kila seli hukadiriwa kustahimili kufutwa mara 100,000 hivi. Zile zinazosonganisha biti kadhaa katika seli moja huchoka mapema zaidi, nyingine baada ya mara elfu chache tu. Isitoshe, NAND huweza kutoka kiwandani ikiwa na vitalu vibovu, ilmradi viwe vimetiwa alama. Aina ya NOR haina kasoro hiyo kwa kiwango hicho, na programu yaweza kutekelezwa moja kwa moja kutoka ndani yake, lakini ni ghali zaidi kwa kila megabaiti na hufutika polepole. Basi swali la kwanza la msanidi, iwapo chipu iliyo mbele yake ni NOR au NAND, ni swali kuhusu tabia, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloongoza majibu yanayofuata.

Baada ya hapo huja maamuzi matatu mazito. La kwanza ni kati ya y na m. Mchukulie fundi anayejenga kiini cha ruta ambayo mafaili yake yote yamo ndani ya flashi. Akitaka kupunguza ukubwa wa kiini, ataona vyema kukifanya kiendeshaji cha flashi kuwa moduli. Moduli hiyo itakaa pamoja na mafaili mengine, ndani ya flashi ile ile. Kiini kitakapoamka kitahitaji kiendeshaji ili kiisome flashi, na kitahitaji kuisoma flashi ili kikipate kiendeshaji. Huko ni kuufungia ufunguo ndani ya kasha lake. Isipokuwa kiini kimepewa mfumo mdogo wa faili wa kuanzia ndani ya kumbukumbu, ruta hiyo haitafika mbali.

Uamuzi wa pili ni wa mipaka. Diski ya kawaida hubeba jedwali linaloonyesha sehemu zake. Flashi ghafi kwa kawaida haina jedwali kama hilo. Mipaka hutolewa na programu ya kuwashia katika mstari wa amri, au huandikwa katika maelezo ya maunzi yanayosomwa na kiini. Kiini hakina njia ya kujua kwamba kimedanganywa. Kikiambiwa kwamba sehemu ya mafaili inaanzia mahali ambapo kwa kweli programu ya kuwashia haijaisha, kitafuta na kuandika kwa utiifu wote. Ruta ikizimwa baada ya hapo haiwaki tena. Mafundi husema kwamba imegeuka tofali, na kuifufua huhitaji kuunganisha nyaya kwenye bodi au kwenye chipu yenyewe. Hii ndiyo sababu sehemu ya programu ya kuwashia hutiwa alama ya kusomwa tu. Neno moja katika usanidi ndilo linalotenganisha kosa linalosameheka na lisilosameheka.

Uamuzi wa tatu ni wa mfumo wa faili. Katika tawi la MTD kuna kiendeshaji kiitwacho mtdblock, ambacho huifanya flashi ghafi ionekane kama diski. Mgeni hukishangilia kwa kuwa humrudishia mazingira aliyoyazoea. Lakini ili kubadilisha baiti chache, kiendeshaji hicho hukisoma kitalu kizima, hukifuta, kisha hukiandika upya. Umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika, vyote vilivyokuwa katika kitalu hicho vimepotea, hata vile ambavyo hakuna aliyekusudia kuvigusa. Tena hakigawi uchakavu wala hakikwepi vitalu vibovu. Katika nchi ambamo umeme hupotea bila kupiga hodi, jambo hili si la nadharia. Kinga zipo. JFFS2 ilitolewa mwaka 2001 kwa ajili ya flashi ghafi. UBIFS, iliyotokana na kazi ya wahandisi wa Nokia pamoja na Chuo Kikuu cha Szeged cha Hungaria, iliingizwa katika kiini mwaka 2008. Hukaa juu ya tabaka liitwalo UBI, ambalo huzungusha maandishi katika vitalu vyote ili pasiwe na kimoja kinachochakaa peke yake. Lakini ni lazima mtu azichague, na ili azichague ni lazima aelewe kwa nini.

Inafaa izingatiwe kwamba maelezo haya yote yametolewa bila kubuni msamiati wa ajabu. Kitalu, ukurasa, kufuta, kuchakaa, mpaka, ghafi: haya ni maneno ya shambani, darasani na sokoni. Kilichokosekana miaka yote hii ni mtu wa kukaa na kuyapanga.

Wako watakaopinga. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kila asomaye uhandisi nchini Kenya anajua Kiingereza. Hoja hii inasahau kwamba maelezo ya msaada ya kiini yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari. Mara nyingi huwa mistari michache, kisha humalizia kwa ushauri kwamba asiye na hakika ajibu hapana. Msomaji mtiifu hufuata ushauri huo, akakataa kiendeshaji pekee ambacho kifaa chake kilikihitaji. Kiingereza chake kilimtosha kulisoma swali. Hakikumtosha kuliuliza kwa namna nyingine, kulijadili na mwenzake au kulifananisha na kitu anachokijua. Kufahamu maneno ni jambo moja na kuielewa maana ni jingine. Wanaofundisha ushairi wanaijua tofauti hiyo vyema kuliko mtu yeyote.

Hoja ya pili ni kwamba istilahi hazijasanifishwa, na kwamba busara ni kungoja vyombo husika viamue. Historia ya karibuni haiungi mkono subira hiyo. Matangazo ya televisheni nchini Kenya yalipohamia mfumo wa dijitali mwaka 2015, kifaa kilichohitajika sebuleni kiliitwa king'amuzi, na neno hilo likakaa. Liliingia mdomoni mwa watu kwa kuwa lilikuja pamoja na kitu chenyewe na haja ya kukitumia. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa katika maelezo yenye manufaa. Zikiorodheshwa tu katika faharasa, hubaki kama nguo mpya sandukuni, zikaliwa na nondo kabla ya kuvaliwa.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito. Toleo jipya la kiini cha Linux hutoka takribani kila baada ya wiki tisa au kumi. Maswali huongezwa, mengine huondolewa na mengine hubadilishwa majina. Atakayeitafsiri orodha yote leo ataikuta imepitwa na wakati kabla hajamaliza. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kusema kwamba kutafsiri hakutoshi. Jina la swali hubadilika, lakini biti ya flashi ghafi bado hairudi kuwa 1 pasipo kitalu kufutwa, na kiendeshaji kilichofungiwa ndani ya kifaa kinachokitegemea bado hakipatikani. Anayeeleza kanuni huandika kitu cha kudumu. Aliyeielewa kanuni ataitambua hata ikivishwa jina jipya.

Kazi hii haiwezi kufanywa na idara moja. Mwanafunzi wa Kiswahili akiachwa peke yake ataandika sentensi nzuri zenye makosa ya kiufundi, na mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi akiachwa peke yake ataandika maneno sahihi yasiyosomeka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bahati njema ni kwamba kiini cha Linux chenyewe kimeandaa uwanja wa mazoezi. Ndani ya tawi la MTD kuna kiendeshaji kiitwacho mtdram, ambacho huchukua sehemu ya kumbukumbu ya kawaida ya tarakilishi na kuigiza flashi. Kisipoelekezwa vinginevyo, hutenga kilobaiti 4,096 zenye vitalu vya kilobaiti 128. Kingine, nandsim, huigiza flashi ya NAND kwa namna iyo hiyo. Vyote viwili hufanya kazi katika tarakilishi yoyote ya maabara yenye Linux, almuradi kiini chake kimejengwa pamoja navyo. Mtu anaweza kufuta kitalu asichokusudia, kukosea mipaka na kujaribu mfumo wa faili usiofaa, kisha akazima tarakilishi na kila kitu kikatoweka bila hasara. Kwa hivyo kila sentensi ya mwongozo wa Kiswahili inaweza kujaribiwa na wawili, mmoja akisoma na mwenzake akitekeleza. Mtekelezaji akikwama, sentensi ndiyo yenye kosa na sentensi ndiyo itakayoandikwa upya. Ni wahariri wachache wa lugha waliowahi kuwa na mizani ya haki kiasi hicho.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinachotafuta kazi ya maana kwa mwaka mmoja hakihitaji kutafuta mbali. Mwongozo wa kurasa 20 kuhusu flashi ghafi, uliojaribiwa maabarani na kupelekwa kwa mafundi waukosoe, utakuwa na faida kuliko kongamano jingine la kujadili jina la tarakilishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hadhi hiyo ni heshima kubwa, lakini hakuna sheria iwezayo kumweleza fundi tofauti ya y na m. Hilo ni jukumu la waandishi.

Miaka ya kutafsiri menyu haikupotea bure, kwa sababu hakuna anayeshuka ngamani kabla ya kupanda chomboni. Lakini abiria aliyesafiri kwa zaidi ya miaka 20 bila kujua maji yanaingilia wapi hana budi kuulizwa anangoja nini. Siku ruta itakapokufa mikononi mwa kijana wa Kisumu au Malindi, naye akajua, kwa lugha anayowaza kwayo, ni kitalu gani kilichofutwa na kwa nini, Kiswahili kitakuwa kimeacha kuwa mgeni ndani ya tarakilishi.